"Nshatuma" siyo "nshalipa": uongo tunaoambiana kuhusu kadi za mkopo za maduka

Jamani mie nimechoka. Wiki hii peke yake huyu ni mtu wa tatu anakuja hapa Ngamiani, ananiwekea simu mezani, ananambia hebu niangalizie, wamenikata faini ya kuchelewa dola 30 na mie nshalipa. Wote watatu wanaishi Marekani, wamekuja Tanga kwenye harusi na kusalimia wazee, wote wana kadi ya mkopo ya duka, ile yenye jina la duka unanunua leo unalipa bili baadaye, na wote wameongea sentensi ile ile kama walikaa kikao. Kabla sijarudi nyumbani kufungua hii ofisi ya mahesabu nilikaa kule miaka tisa, na zaidi ya nusu yake nilikuwa napokea simu za wateja wa kadi hizi hizi, kwa hiyo wimbo huu nimeusikia kwa lugha zote. Basi naandika mara moja, wa nne akija nampa asome.

"Nshatuma, kwa hiyo nshalipa"

Hii ndo inaniuma roho. Na najua inatoka wapi. Huku kwetu ukinunua umeme wa LUKU tokeni inaingia hujarudisha simu mfukoni, ukimlipa muuza samaki wa Deep Sea kwa lipa namba meseji inaingia kwake umesimama pale pale, basi kichwani mwetu kutuma na kupokelewa ni kitu kimoja. Kule sivyo kabisa. Kule kuna njia nne tano za kulipa bili ya kadi na kila moja ina mwendo wake, na benki haiangalii wewe umebonyeza lini, inaangalia yenyewe imepokea lini.

Njia inayokwenda haraka ni kuingia kwenye tovuti au programu ya kadi yenyewe, unaweka namba ya akaunti yako ya benki na ile namba ya utambulisho wa benki, unachagua tarehe, basi. Hapo ukiwahi saa yao ya kufunga mapokezi kwa kawaida unahesabiwa umelipa siku hiyo hiyo hata kama hela yenyewe itatoka kwenye akaunti yako baada ya siku moja mbili tatu za kazi. Hakikisha tu hela ipo na itaendelea kuwepo mpaka itoke, usije ukatoa za kununulia zawadi za shangazi katikati ya safari, malipo yakirudi ni kama hukulipa.

Njia inayowaponza wengi ni ile ya kuingia kwenye benki yako mwenyewe na kuiambia ikulipie bili. Watu wanadhani ni kitu kimoja na ile ya kwanza. Siyo! Hapa benki yako ndo inasukuma hela, na kuna wanaopelekewa kwa mtandao na kuna ambao benki inaprinti HUNDI, hundi ya karatasi bwana, inaiweka kwenye bahasha, inampa mtu wa posta. Yule wa kwanza wiki hii alifanya hivyo Alhamisi, bili yake mwisho Jumatatu, anaoneshwa kwenye simu "imetumwa" na hela imeshatoka kwake, kumbe bahasha iko njiani. Ukitaka kutumia njia hii angalia tarehe wanayokuandikia ya KUFIKA, siyo ya kutuma, na ujipe wiki nzima.

Halafu kuna suala la saa. Sheria yao ya kadi ya 2009, ambayo sehemu kubwa ilianza kufanya kazi Februari 2010, pamoja na kanuni zake inasema benki haiwezi kufunga mapokezi kabla ya saa 11 jioni ya siku ya mwisho, kwa saa za kule malipo yanakotakiwa kufika. Benki nyingine zinaongeza mpaka usiku kwa wanaolipa mtandaoni, nyingine haziongezi, imeandikwa kwenye stetimenti yako, ile hesabu ya deni wanayokutumia kila mwezi, soma. Sasa saa 11 jioni ya New York kwa Tanga ni saa 6 usiku, na wakirudisha saa zao nyuma kuanzia Novemba inakuwa saa 7 usiku. Yule wa pili mwisho wake ulikuwa tarehe 14, yeye kaswali zake alfajiri ya tarehe 15, kanywa chai, saa 12 kalipa, ananambia "lakini kule ilikuwa bado tarehe 14." Kweli ilikuwa bado tarehe 14, ilikuwa saa 5 usiku! Dirisha limefungwa masaa sita yaliyopita na yeye anahesabu kalenda.

Na msiniletee habari ya Jumapili. Mwisho ukiangukia siku ambayo hawapokei barua, malipo ya posta yakifika siku ya kazi inayofuata hayahesabiki yamechelewa, hiyo ni kweli. Lakini kama mtandaoni wanapokea Jumapili, wewe unayelipa kwa simu msamaha huo usiutegemee.

La mwisho kwenye hili, nyie mnaokuja likizo. Laini ya Marekani mmeizima ili msikatwe gharama, mnatembea na laini ya hapa, mnafungua programu ya kadi inakwambia tumekutumia namba za kuthibitisha kwenye simu yako. Ipi? Ile iliyozimwa. Huyu wa tatu alikaa siku nne anapambana na hilo pale Raskazone kwa mama yake, mtandao mzuri, hela anayo, namba haziji. Mie ushauri wangu ni ule ule na ntausema mpaka nizikwe: kabla hujapanda ndege washa malipo ya kujikata yenyewe, autopei, weka angalau kile kiwango cha chini unachotakiwa kulipa kila mwezi, alafu kinachobaki lipa kwa mkono ukipenda. Na ukishaiwasha angalia inaanza bili ipi, mana mara nyingi inaanza inayofuata, hii ya sasa bado unatakiwa uilipe mwenyewe. Namba za kuthibitisha uliza kama zinaweza kuja kwa barua pepe. Tarehe ya mwisho pia inabadilishika, benki nyingi ukiomba wanakusogezea iwe siku chache baada ya mshahara wako, na kwa sheria ile ile ya 2009 ikishapangwa inakuwa tarehe moja kila mwezi, haichezi chezi.

"Kadi ya duka, ntamalizana nao dukani"

Jina la duka liko mbele, geuza nyuma usome. Kadi ya Lowe's ni Synchrony, ya Home Depot ni Citibank, ya Target ni TD Bank. Anayekudai ni benki. Yapo maduka yanapokea malipo ya kadi yao kaunta na wanakupa risiti, yapo ambayo hayapokei, na ya mtandaoni hiyo kaunta utaikuta wapi. Uliza kwanza. Na ukigombana na duka kuhusu kiatu kibovu usiache kulipa bili kimya kimya ukadhani umewakomoa, unatakiwa uandike malalamiko kwa benki, vinginevyo wao wanaona deni limechelewa tu.

"Siku moja haina neno" na ndugu yake "siku moja imeniua"

Hawa wawili wanatoka kwenye nyumba moja. Ukichelewa siku moja faini wanaweza kukupiga, kama dola 30 mara ya kwanza na ukirudia ndani ya miezi sita inapanda mpaka 40 na kitu, ila haiwezi kuzidi kile kiwango cha chini ulichotakiwa kulipa. (Mwaka 2024 ilipitishwa kanuni ya kuishusha iwe dola 8 kwa benki kubwa, benki zikaenda mahakamani, 2025 ikafutwa, kwa hiyo anayekwambia faini sa hivi ni dola 8 kasikia nusu ya habari.) Lakini kwenye ile historia yako ya mkopo, zile ripoti za Equifax, Experian na TransUnion, kuchelewa hakuandikwi mpaka zipite siku 30. Zikipita ndo balaa, mana linakaa miaka saba, na kwenye hesabu ya FICO, zile alama wanazopimia mkopaji, kulipa kwa wakati ni asilimia 35 ya alama zako. Kwa hiyo ukigundua umechelewa siku tano usilie, lipa SASA HIVI.

"Miezi 12 bila riba, mie nalipa kiwango cha chini kila mwezi sina wasiwasi"

Eeh, uwe nao. Ofa nyingi za kadi za maduka zinasema hamna riba UKIMALIZA DENI LOTE ndani ya miezi 12. Riba haijafutwa, imewekwa pembeni inakungoja. Umechukua sofa ya dola 1,200, kila mwezi unapeleka dola 90 bila kuchelewa hata siku moja, mwezi wa 12 unaisha umebakiza dola 120, wanakurudishia riba kuanzia siku uliyobeba sofa, na kadi za maduka riba zake ziko kwenye asilimia 30 huko, hapo utaongezewa kama dola 200 juu ya zile 120. Umelipa kwa wakati miezi yote 12 na bado umeliwa. Dawa yake ni kugawanya deni kwa 11, siyo kwa 12, na kiwango cha chini wanachokuandikia usikifuate, hakijapangwa kikumalizie kwa wakati.

"Ukibakiza deni kidogo skoo (zile alama za mkopo) inapanda"

Hapana. Lipa lote. Huyu aliyeanzisha uongo huu alikuwa anauza riba.

"Bili haijaja kwa hiyo sidaiwi"

Wanatakiwa wakutumie angalau siku 21 kabla ya tarehe ya mwisho, na wamekutumia, kwenye ile apatimenti uliyohama, au kwenye barua pepe usiyoifungua tangu ulikubali bili zisizo na karatasi. Kuhama anuani kaseme.

"Nimelipa mapema, mwezi huu nimemaliza"

Inategemea umelipa mapema kiasi gani. Ukilipa kabla stetimenti mpya haijafungwa, hayo malipo yanaingia kwenye mzunguko wa bili uliopita. Stetimenti mpya ikitoka na bado ina deni, ina kiwango chake cha chini kipya na wanakingoja. Mtu anapeleka dola 100 tarehe 2, stetimenti inafunga tarehe 5, anakaa kifua mbele mwezi mzima anaona kashalipa. Mie nalipa siku moja baada ya stetimenti kutoka, kila mwezi, miaka yote, sijawahi kukatwa hata senti.

"Shemeji yuko Tanga atanilipia kwa M-Pesa"

Kwa kawaida haiwezekani moja kwa moja, wanataka akaunti ya benki ya Marekani. Shemeji akutumie wewe kwenye benki yako, ikishaingia ndo ulipe, na hizo siku za kuingia zihesabu. Na kupiga simu kulipa ni bure ukitumia ile mashine inayoongea, ukiongea na mtu akuharakishie wanaweza kukutoza, lakini lazima wakwambie kwanza.

Huyu wa tatu wa Raskazone tulipiga namba ya nyuma ya kadi tukiwa hapa hapa ofisini, saa 2 usiku kwetu wao mchana. Nilimfundisha aseme maneno matatu tu: nimechelewa, nshalipa tayari, naomba mnifutie faini mana sijawahi kuchelewa. Bila kufoka, bila hadithi ya harusi. Dakika kumi na moja, wakamfutia, maana kwa mteja mwenye rekodi safi hilo wanalifanya sana kuliko watu wanavyodhani. Nikamwambia haya, kabla hujasimama kwenye hicho kiti tuwashe autopei. Akasema ataiwasha akifika nyumbani, sa hivi anawahi mihogo kabla haijapoa.