Samaki aliyenasa kwenye ndoano huumia? Maana ya nosisepsheni

Nosisepsheni ni uwezo wa mwili kugundua kwamba kuna kitu kinaudhuru au kinakaribia kuudhuru: moto, kemikali kali, ncha inayochoma. Kazi hiyo hufanywa na miisho maalumu ya neva iliyotawanyika kwenye ngozi, mdomoni na ndani ya mwili. Maumivu ni jambo jingine. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kwanza kwa amri ya uti wa mgongo. Uchungu unafuata kidogo, taarifa ikishafika kwenye ubongo. Kule kugundua na kuruka ndiyo nosisepsheni. Ule uchungu unaokufanya upulize vidole ndio maumivu.

Tofauti hii ndiyo inayokosekana kila mabishano haya yanapozuka. Kaa jioni Ziwa Duluti, pale Tengeru, kijana anapovuta mshipi na perege akatoka akijipinda hewani. Mmoja atasema, "Mwone anavyoumia." Mwenzake atajibu kwamba samaki hasikii kitu, ana damu baridi. Wote wawili wanakosea hoja. Damu baridi inahusu joto la mwili tu. Haisemi lolote kuhusu neva. Na kujipinda kwenyewe hakuthibitishi maumivu, kwa sababu mwili unaweza kufurukuta kwa nosisepsheni peke yake.

Kwa hiyo swali la kwanza ni jepesi: je, samaki ana hizo neva? Anazo. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake huko Uskoti walichunguza trauti, jamii ya samaki wa maji baridi aliyepandikizwa pia kwenye mito ya Mlima Kilimanjaro. Kwenye uso na midomo yake walipima vipokezi 58, yaani miisho ya neva inayopokea hisia, na 22 kati ya hivyo vilikuwa vya nosisepsheni. Ndoano hupita papo hapo.

Swali la pili ndilo gumu, na hapo majaribio yao yananigusa zaidi. Walidunga midomo ya baadhi ya trauti kwa sumu ya nyuki, wengine kwa asidi iliyomo kwenye siki, na wengine kwa maji ya chumvi yasiyo na madhara. Waliodungwa sumu na asidi walianza kupumua kwa kasi kubwa. Walitulia chini ya tangi wakiyumba huku na huku, na wale wa asidi walisugua midomo kwenye changarawe na kwenye kuta. Chakula walikiacha kwa karibu saa 3. Kusugua mahali palipoumizwa na kususa chakula kwa muda wote huo si mruko wa mara moja wa mwili.

Kisha kuna jaribio la mnara wa Lego, vile vipande vya plastiki vya kuchezea watoto. Trauti kwa kawaida hukimbia kitu kigeni kikitiwa kwenye tangi lake. Waliodungwa asidi hawakujali. Waliogelea karibu na ule mnara kana kwamba akili yao ilikuwa mahali pengine. Walipopewa mofini, dawa ileile ya kutuliza maumivu inayotumika hospitalini, tahadhari yao ikarudi na wakaukwepa tena. Kama hakukuwa na kitu kinachowasumbua, mofini ilituliza nini?

Wapo wanasayansi wanaokataa, na hoja yao si ya kupuuza. James Rose wa Marekani na baadaye Brian Key wa Australia wamesema maumivu yanahitaji neokoteksi, yaani tabaka la juu la ubongo wa mamalia, na samaki hana. Isitoshe, trauti ana sehemu ndogo sana ya zile neva nyembamba ambazo kwetu hubeba uchungu wa kuvuta, wa muda mrefu. Mimi hoja ya neokoteksi hainitoshi. Ndege naye hana tabaka hilo kwa umbo la kwetu, lakini sijaona mfugaji wa kuku anayedai kuku aliyevunjika mguu haumii. Kazi moja ya ubongo inaweza kufanywa na sehemu tofauti kwa viumbe tofauti. Hata shirika la kimataifa la utafiti wa maumivu, liliporekebisha maana ya neno hilo mwaka 2020, liliweka wazi kwamba kushindwa kusema hakumaanishi kiumbe hasikii maumivu.

Maumivu ya samaki huenda hayafanani na yetu. Sidhani kama perege analia moyoni. Lakini ushahidi unatosha kumtendea kama anayeumia. Uswisi kwa mfano imepiga marufuku kuvua kwa nia ya kumrudisha samaki majini, yaani kumchoma ndoano kwa burudani tu.

Kwetu, wengi wanavua ili wale, na hapo ndoano si sehemu mbaya zaidi. Ndoano ni dakika chache. Kinachofuata kinaweza kuwa saa nzima. Perege akiachwa kwenye ndoo kavu, mashavu yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, hushikana na hewa haipiti, akawa anafungua na kufunga mdomo hadi mwisho. Kambale yuko pabaya zaidi: ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa juu ya mashavu, ndiyo maana wale wanaotoka bwawa la Nyumba ya Mungu wanaweza kufika sokoni wakiwa wamerundikwa kwenye gunia lenye unyevu na bado wanajongea. Muuzaji anaita hiyo "fresh", mnunuzi anafurahi, na samaki anaendelea kuwa hai katika hali hiyo.

Dawa yake haihitaji mtambo. Akitoka tu majini, mpige pigo moja la nguvu kwa rungu fupi juu ya kichwa, nyuma kidogo ya macho, ulipo ubongo, kisha kata mashavu damu itoke. Nyama nayo hukaa vizuri zaidi damu ikitoka mapema. Kwa perege, kijiti kizito kinatosha. Kambale ana fuvu gumu la mfupa, kwa hiyo tumia kitu kizito zaidi, mshike kwa kitambaa kikavu asikuteleze, na uangalie ile miiba ya mapezi ya pembeni.