Pro mwenye kazi ya mshahara: kinachoisha kwanza si muda

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni muda naupata wapi, yaani mtu yuko ofisini toka asubuhi mpaka jioni halafu bado anashindana triathloni kama pro, yaani mwanamichezo wa kulipwa, anaogelea saa ngapi, anaendesha saa ngapi, analala saa ngapi. Hilo la mwisho ndo lingetakiwa liwe la kwanza. Masaa ya mazoezi ukiyatafuta utayapata, alfajiri yapo, mchana wa lanchi yapo, wikendi yapo. Kinachoisha kwanza ni uwezo wa mwili kupona.

Kwa asiyeujua mchezo: triathloni ya Ironman kamili ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, vyote kwa mkupuo mmoja. Mi nashindana zaidi ile nusu yake, 1.9, 90 na 21.1. Ukiwa pro hamna cha kundi la umri kama kwa wasiolipwa, unapimwa na watu ambao hiyo ndo kazi yao pekee, na kwenye mbio hizi ndefu huruhusiwi kujibana nyuma ya baiskeli ya mwenzako akukatie upepo. Wengi wao wanafanya mazoezi masaa 25 mpaka 30 kwa wiki, na mchana wanalala. Mi napata kama nusu ya hapo na mchana niko kwenye kikao.

Sasa hapa ndo watu wengi wenye kazi wanapopotea. Wanasema kama masaa ni machache basi kila saa iwe ya moto. Lakini mwili hauna daftari mbili, moja ya mazoezi na nyingine ya kazi, presha ya ripoti iliyochelewa na presha ya milima kwenye baiskeli vinaandikwa ukurasa mmoja. Kwa hiyo mtu mwenye kazi anatakiwa awe mkali zaidi kwenye kulinda siku nyepesi kuliko hata yule pro wa muda wote. Kwangu wiki inabeba sesheni mbili ngumu, ikienda vizuri sana tatu, zilizobaki zote ni taratibu kiasi kwamba naweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ile kasi ya katikati, ambayo si ngumu wala si nyepesi, inachosha na haikujengi kivile, naikwepa kabisa mpaka karibu na mashindano.

Mfano sesheni ya baiskeli ya katikati ya wiki, naifanya ndani kwenye trena, mashine ya kuendeshea baiskeli ukiwa palepale, kabla ya kazi manake hamna taa za barabarani wala kushuka mlima bure bila kupiga pedali. Ni mara nne dakika nane, kwa wati, yaani nguvu ya kupiga pedali, ambazo mtu aliyepumzika angezishikilia karibu saa nzima. Raundi mbili za kwanza hazikuambii kitu, karibu kila mtu anazimaliza. Mi nasubiri ya tatu. Wati zikiwa zilezile na mapigo ya moyo yamepanda kidogo, sawa, naendelea. Ila kama miguu inaungua halafu mapigo yanagoma kupanda, hiyo ni dalili ya uchovu uliolimbikizana, nazima mashine, naenda kula na siku hiyo sirudishii jioni. Kurudishia sesheni iliyokufa ni tabia mbaya sana, inakula usingizi wa leo na sesheni ya keshokutwa.

Kuogelea ndo kugumu kupanga, bwawa lina masaa yake na halikusubiri utoke kazini. Ushauri wangu ni uingie majini mara nyingi kwa muda mfupi kuliko mara mbili ndefu, kwa sababu ule mkono unaoshika maji unasahau haraka. Halafu zoea kuanza kwa kasi. Majini kufuata miguu ya aliye mbele inaruhusiwa na inakupunguzia kazi kweli kweli, kwa hiyo mapro wanatoka kama wanafukuzwa na kundi linajipanga ndani ya mita mia chache za mwanzo. Ukiachwa hapo unaogelea peke yako, unatoka majini umechelewa, na baiskeli nayo unaendesha peke yako. Ndo maana seti zangu nyingi zinaanza na mita 100 za nguvu zote, natulia baadaye nikiwa tayari nahema.

Chakula nacho. Mtu wa ofisini anamaliza mazoezi saa moja asubuhi, anakimbilia kazini na chai tu, anakuja kula vizuri usiku. Ukifanya hivyo wiki baada ya wiki homoni zinashuka, mifupa inadhoofika, kwa wanawake hedhi inaweza kukata, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelipa tatizo hili jina rasmi toka 2014, kwa kifupi RED-S, yaani mwanamichezo kukosa nishati ya kutosha. Mi nakula kabla sijavaa nguo za kazi, hiyo haina mjadala. Na wikendi kwenye baiskeli ndefu nalifundisha tumbo: glukosi peke yake mwili unaipokea kama gramu 60 kwa saa, ukichanganya na fruktosi unafika 90 na zaidi, ila tumbo ambalo halijazoeshwa litakugomea siku ya mashindano.

Kuna wanaoniambia niache kazi, wananitolea mfano wa Chrissie Wellington, aliyetoka kwenye kazi ya serikali Uingereza, akawa pro mwaka 2007 na Oktoba mwaka huohuo akashinda ubingwa wa dunia wa Ironman kule Kona, Hawaii. Yule alikuwa na kipaji cha pekee, si kipimo cha kumpangia mtu maisha. Mshindi wa Kona amekuwa akipata dola 125,000, lakini mbio nyingi zinalipa kidogo sana ukilinganisha na hiyo na ni kwa wachache wa mbele tu, na tiketi ya ndege, hoteli na kusafirisha baiskeli vinatoka mfukoni mwako. Mshahara unanipa uhuru wa kuchagua mbio chache na kuziandaa vizuri, badala ya kukimbizana na kila zawadi nikiwa nimechoka.

Kwa bosi, peleka kalenda ya mashindano mwanzoni mwa mwaka, mapema kabla wenzako hawajajaza likizo zao. Na likizo usiitumie kuongeza mazoezi, itumie kulala: siku mbili kabla ya mbio, na Jumatatu baada ya mbio. Hiyo Jumatatu pigania hasa, ngazi zenyewe unazishuka kinyumenyume na kichwa kiko taratibu kuliko miguu, usikubali kikao chochote kinachohitaji uamuzi mpaka Jumanne mchana.