Ndara za nani mlangoni?

Nikipokea muswada wa hadithi ya mfululizo, nakimbilia kwanza mstari ulio juu ya neno "Itaendelea". Hivi karibuni mmoja uliishia hivi: "Rehema akasukuma mlango. Alichokiona, hakuamini macho yake!" Nikaifuta sentensi ya pili.

Mwandishi akanipigia simu, amenuna. "Sasa taharuki iko wapi, mhariri?"

Nikamwambia haikuwapo tangu mwanzo. Msomaji kaambiwa kuna kitu, lakini hakupewa cha kukisia nacho. Chukua kitendawili: nyumba yangu haina mlango. Jibu ni yai, na dalili zote zimo mlemle ndani ya swali. Ndiyo maana mtoto huhangaika nalo, na akishindwa hutoa mji huku roho inamuuma. Mtegaji angesema tu "nyumbani kwangu kuna ajabu", nani angetoa hata kitongoji?

Tukaushughulikia ule mlango karibu saa nzima. Mwishowe Rehema hausukumi kabisa. Anatoka sokoni, kapu mkononi, anakuta kizingitini ndara za kiume. Ya kushoto imeshonwa kwa waya wa shaba. Mumewe yuko Mtwara. Aliyezoea kushona ndara kwa waya ni kaka yake, ambaye sura ya kwanza ilisema alizama na mashua, maiti isionekane. Itaendelea.

Hapo msomaji ana kazi ya kufanya wiki nzima.

Wenzangu hupenda kumtaja Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyechapisha mwaka 1927 kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Waliorudia majaribio yake hawakupata matokeo yaleyale kila mara, nami simwegemei sana. Naweza kukumbuka hadithi niliyoikatia katikati na nisiwe na hamu nayo hata chembe.

Namwamini zaidi Shehrazade wa Alfu Lela U Lela, aliyemsimulia hadithi mfalme aliyetaka kumuua. Watu husema aliokoa shingo yake kwa kukatiza hadithi alfajiri. Kweli, lakini usiku uliofuata aliimaliza, kisha akaanzisha nyingine kabla hakujapambazuka. Alikuwa akilipa deni huku anakopa upya.

Mimi niliwahi kukopa bila kulipa. Hadithi niliyoiandika mwenyewe iliwaburuza wasomaji miezi mitano wakitafuta nani alichoma duka la mzee mmoja, na mimi nikijisifu kwa ujanja. Sehemu ya mwisho nikamtoa mchomaji ambaye hawakuwahi kukutana naye hata kwa jina. Ujumbe mmoja ulikuwa na neno moja tu: "Umetuuza." Mfululizo wangu uliofuata hawakuusoma, na sikuwalaumu.

Kwa hiyo kabla ya kuipitisha ile sehemu ya Rehema nilimuuliza mwandishi: ndara ni za nani?

Akacheka. "Bado sijaamua, mhariri. Tutaona mbele ya safari."

Muswada nimemrudishia.