Betri ya kipimo cha zamani: kabla ya kuing'oa, jua kazi yake

Tangu vyuo vya ufundi na karakana waanze zoezi la kuorodhesha vifaa chakavu, maabara yetu ya ugezi, yaani kuhakikisha kipimo kinasoma sawasawa na kiwango sahihi, imekuwa ikipokea barua za aina moja: zinaomba kuondoa kipimo kwenye daftari la mali kwa sababu betri yake haitengenezwi tena. Tunashukuru kwa kuuliza kwanza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maombi haya hayakupaswa kuandikwa.

Mengi yanahusu AVO Model 8, multimita nzito ya Kiingereza yenye mshale, iliyoanza kutengenezwa 1951 na kusitishwa 2008. Ina betri mbili. Moja ni jiwe la kawaida la volti 1.5, ukubwa wa D, lile la tochi kubwa. Nyingine ni kijibetri cha volti 15, namba B121, ambacho muuza duka ukimtajia atadhani unamtania. Kikikosekana hicho, kipimo chote kinaandikwa "kibovu". Jamani, AVO inapopima volti au ampea haitumii betri kabisa. Mshale unasukumwa na umeme wa saketi unayoipima. Betri ni za kupima ukinzani (omu) peke yake, na ile ya volti 15 ni ya masafa ya juu ya ukinzani tu, yaani ngazi ya kupimia ukinzani mkubwa.

Hata hiyo volti 15 inapatikana. Betri bapa tano za CR2032, kila moja volti 3, zikiunganishwa mfululizo zinatosha, kwa kuwa mkondo unaochotwa hapo ni mdogo sana. Tumia vishikio vyake. Usichomelee risasi moja kwa moja kwenye betri ya lithiamu, maana joto linaweza kuipasua. Ukimaliza gusanisha waya mbili za kupimia, kisha rekebisha sifuri kwa kila masafa. Mshale ukirudi nyuma, umegeuza chanya na hasi.

Betri za zebaki zina ugumu wa namna nyingine. Vipimo kadhaa vya zamani viliundwa kutegemea volti 1.35 ambayo karibu haibadiliki mpaka betri inaisha. Humo betri haikuwa chakula tu. Ilikuwa rejeo ambalo usomaji wote unalinganishwa nalo. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa ya kudhibiti zebaki ambayo Tanzania ni mwanachama, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje betri zenye zebaki, isipokuwa aina chache za betri ndogo zenye umbo la kifungo cha shati. Fundi akipachika betri ya alkali ya volti 1.5, kipimo kinawaka na mwenyewe anafurahi. Kumbe kinadanganya, na uongo wenyewe unabadilika kila wiki kadiri volti inavyoshuka. Betri ya oksidi ya fedha ni tulivu zaidi, ila inakaa kwenye 1.55, yaani karibu asilimia 15 juu. Dayodi ya Schottky, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu na kupunguza volti kidogo, ikichaguliwa vizuri inaweza kuila hiyo tofauti ya volti 0.2. Baada ya hapo kipimo lazima kihakikiwe, hata kama kinaonekana sawa.

Hasara kubwa zaidi hutokea kwenye vipimo vya dijitali vya miaka ya 1980. Chukua HP 3478A, multimita ya mezani ya Hewlett-Packard. Ndani yake kuna betri ya lithiamu ya volti 3 iliyochomelewa kwenye bodi, na kazi yake ni kulinda kumbukumbu yenye namba za ugezi. Ukiing'oa kipimo kikiwa kimezimwa, namba zote zinafutika papo hapo. Hakuna fundi wa mtaani atakayezirudisha. Ni ugezi mpya kuanzia mwanzo. Njia ya busara ni kwanza kuzisoma namba hizo kupitia HP-IB, tundu la nyuma la kuunganisha kipimo na kompyuta, na kuzihifadhi humo. Kisha kipimo kikichomolewa kwenye umeme, unganisha chanzo cha volti 3 sambamba na betri ya zamani, kupitia dayodi, kabla hujagusa risasi. Ncha ya kuchomelea isiwe na njia ya umeme kwenda arthi. Swichi ya kuruhusu ugezi iliyo mbele iacheni kama ilivyo.

Kuhusu betri zilizovuja: ukungu wa alkali unasafishwa kwa siki kidogo, wa mawe ya kawaida kwa magadi. Watu huchanganya hizi mbili kila mara.

Betri za zebaki na nikeli-kadimiamu ni taka hatarishi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2021, anayekusanya, kusafirisha au kuteketeza taka hizo awe na kibali, na anayekiuka anakabiliwa na faini, kifungo au vyote viwili. Kuzichoma nyuma ya karakana ni kosa, hata kama zilikuwa tatu tu. Zitunzeni kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko na maandishi, hadi mpate mkusanyaji mwenye kibali.

Mnaoleta vipimo maabara, zingatieni haya. Barua iwe na sahihi ya mkuu wa taasisi, namba ya kipimo na tarehe betri ilipobadilishwa; ikikosekana moja, kipimo hakipokelewi. Toeni betri zinazotoka kirahisi na mzilete kando, zilizochomelewa ziacheni. Stika ya ugezi iliyo juu ya skrubu ikikatika, cheti kinakoma siku hiyohiyo, hata kama tarehe yake haijafika, na kukiwasilisha kwenye zabuni baada ya hapo ni udanganyifu. Kipimo cha namna hiyo kinarudishwa kikiwa na lebo nyekundu, na ada inalipwa upya. Dirisha la mapokezi halina mamlaka ya kusamehe ada, hivyo msigombane na waliopo pale. Na betri za volti 15 hatuuzi.