EN8, EN19, EN24: gredi ya chuma inakuambia nini hasa

Hizi gredi za EN ni majina ya aina za chuma kwa mfumo wa zamani wa Uingereza, na watu wengi wanazichukulia kama ngazi, yaani namba ikipanda basi na nguvu imepanda. Sio hivyo kabisa, maana EN36 ina kaboni kidogo kuliko EN8 na zote mbili ni chuma kizuri, ila kila moja na kazi yake.

Chuma cha aloi ni chuma cha kaboni kilichoongezewa kidogo vitu kama kromiamu, nikeli na molibdenamu. EN8 haina hizo nyongeza, EN19 (Wamarekani kwa namba zao wanaiita 4140) ina kromiamu na molibdenamu, na EN24 ambayo inakaribiana sana na 4340 ya Wamarekani inaongezewa na nikeli juu yake. Sasa angalia hapa, zote tatu zina kaboni karibu asilimia 0.4, kwa hiyo ukizichoma zikawa nyekundu ukazizimisha, yaani ukazipoza ghafla kwa maji au mafuta, ugumu wa juu juu kwenye kipande chembamba hautofautiani sana. Tofauti iko kwenye kina. EN8 ikiwa nene inakaza ngozi tu, katikati inabaki laini, EN19 inaingia ndani zaidi, EN24 inaingia ndani hata shafti ikiwa nene kupita milimita 100. Hicho ndicho unachokilipia, kwa hiyo pini ya milimita 20 kuitengeneza kwa EN24 mara nyingi ni hela ya bure, EN19 inatosha.

Na kama chuma hakijakazwa, aloi yote hiyo imelala tu. Ukinunua uliza kama kimeshapitishwa moto au la, ile herufi T mwishoni, EN19T au EN24T, inamaanisha kimeshakazwa na kurudishiwa moto kidogo ili kisikatike ovyo, mpaka nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 850 hadi 1000, unakikereza hivyo hivyo na kukifunga kwenye mashine. Omba na cheti cha kiwandani, rangi iliyopakwa kwenye ncha ya chuma peke yake isikutoshe.

Gia ni habari nyingine. Jino la gia linataka uso mgumu usilike na moyo unaovumilia kishindo bila kukatika, ndio maana kunatumika chuma cha kaboni ndogo kama 8620 (gredi ya Wamarekani) au hiyo EN36, kinalishwa kaboni kwenye tanuru la nyuzi 900 na kitu kwa masaa kadhaa, kisha kinazimishwa. Juu kinakuwa kigumu sana, ndani kinabaki na ustahimilivu wake.

Kuna jambo moja naomba mafundi na mameneja walishike vizuri. Shafti ikiwa inapinda ikibeba mzigo halafu inarudi, kubadilisha gredi hakusaidii, kwa sababu vyuma vyote hivi vinapinda karibu sawasawa. Ongeza unene, ukitoka milimita 40 kwenda 50 ukakamavu wake unapanda karibu mara mbili na nusu. Na ikikatika, kabla hujakimbilia EN24 angalia pale ilipokatikia, ukiona mistari imejipinda kama mawimbi ikianzia kwenye kona ya mfereji wa kii (kile kipande kinachofunga gia au puli kwenye shafti) au pale kipenyo kinapobadilika ghafla, huo ni uchovu wa chuma, ufa umetembea taratibu siku nyingi. Hapo dawa ya kwanza ni kuizungusha ile kona isiwe kali, usawazishe na alainmenti, yaani shafti zikae kwenye mstari mmoja, la sivyo hiyo ya bei kubwa nayo itakatikia palepale.

Kuchomelea nako kuna sheria zake. EN19 na EN24 usizichomelee zikiwa baridi, zipashe kwanza, kwa EN19 kama nyuzi 200 hadi 300, tumia elektrodi kavu na uziache zipoe polepole, kwa sababu zikipoa haraka ule ukingo wa pembeni ya weldi unakuwa mgumu kama kioo na ufa unaweza kutokea hata kesho yake wakati kazi umeshaikabidhi. Kama kipande kitahitaji kuchomelewa mara kwa mara, kama vile mabano na fremu, mimi nachagua chuma laini cha kawaida na kukifanya kinene.