Sibelius: Yanayosemwa na Yaliyokuwa

Kila ninapomtaja Jean Sibelius, mtunzi wa muziki wa Ufini, hukutana na swali lile lile: "Si ndiye aliyetunga wimbo wa taifa wa Ufini?" Hapana, si yeye. Wimbo wa taifa wa Ufini ni Maamme, na muziki wake uliandikwa mwaka 1848 na Fredrik Pacius, Mjerumani aliyehamia Helsinki. Sibelius alizaliwa 8 Desemba 1865 katika mji wa Hämeenlinna, miaka 17 baadaye.

Kinachowachanganya watu ni Finlandia, kipande chake cha okestra, na sishangai. Februari 1899 mfalme wa Urusi, Nikolai wa Pili, aliyeitawala Ufini wakati huo, alitoa tamko la kubana haki ya Wafini kujiamulia mambo yao, na magazeti nayo yakabanwa. Novemba mwaka huo yakaandaliwa maonyesho Helsinki, kwa jina ni ya kuchangia mfuko wa pensheni wa waandishi wa habari, lakini aliyeingia ukumbini alijua alichokifuata: kupinga ubanaji huo. Sibelius ndiye aliyeandika muziki wa maonyesho hayo, na kipande cha mwisho ndicho kilichopata jina la Finlandia mwaka uliofuata. Kinaanza kwa ngurumo za tromboni na tarumbeta, mpaka kifua kinatetema. Baadaye vurugu inatulia na unaingia wimbo mpole kama wa ibada. Wengi huapa kwamba wimbo huo ni wa jadi, eti aliuokota vijijini. Aliutunga mwenyewe, tena bila maneno. Maneno ya Kifini yanayoimbwa leo ni ya mshairi V. A. Koskenniemi, ya miaka ya 1940, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Na taifa lililoufanya kweli kuwa wimbo wake lilikuwa huku Afrika: Biafra, ilipojitenga na Nigeria mwaka 1967, iliimba muziki huo huo hadi ilipoanguka mwaka 1970.

Wengine hudhani kwamba mtu aliyeipa Ufini sauti kiasi hicho alinyonya Kifini kwa mama yake. Kwao walizungumza Kiswidi, na Kifini alikijulia shuleni. Hata "Jean" silo jina alilobatizwa. Alikuwa Johan, nyumbani wakimwita Janne, na hilo la Kifaransa alilichukua kwenye kadi za marehemu ami yake aliyekuwa nahodha.

Hakuwa pia mtoto wa miujiza. Ndoto yake ilikuwa fidla, na aliianza amechelewa. Mwaka 1891, akiwa masomoni Vienna, alijaribu kuingia kwenye okestra kubwa ya mji huo akakataliwa. Jeraha hilo nalisikia ndani ya konsheto yake ya fidla, yaani utunzi wa fidla moja ikisindikizwa na okestra. Ilipopigwa mara ya kwanza mwaka 1904 haikupokelewa vizuri, akaifumua na kuisuka upya. Inayopigwa duniani leo ni ile ya 1905.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu kufumua na kusuka upya ndiyo ilikuwa tabia yake ya kazi. Tarehe 21 Aprili 1915, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, aliona swani 16, wale ndege weupe wa majini wenye shingo ndefu, akaandika kwenye shajara kwamba lilikuwa miongoni mwa mambo makuu kuliko yote maishani mwake. Muziki wa ndege hao umo katika sehemu ya mwisho ya Simfoni yake ya Tano (simfoni ni utunzi mrefu wa okestra), pembe za okestra zikipanda na kushuka polepole kama mabawa. Simfoni hiyo ilipigwa siku alipotimiza miaka 50. Aliirekebisha mwaka 1916, kisha tena mwaka 1919, ndipo akairidhia.

Kwa hiyo naumia kusikia kwamba baada ya Tapiola, utunzi wake wa okestra wa mwaka 1926, alikauka, akakaa miaka thelathini bila kazi mpaka kifo chake mwaka 1957. Alikuwa akiandika Simfoni ya Nane. Mwaka 1933 mnakili wake alikwisha kupokea kurasa za mwanzo, na okestra ya Boston, Marekani, ilikuwa ikiisubiri. Nyumbani kwake Ainola, huko Järvenpää, hakuruhusu hata mabomba ya maji, sauti yake isije ikamvuruga. Kisha, katika miaka ya 1940, alijaza karatasi za muziki kwenye kapu la nguo, akazitia motoni mle chumba cha kulia. Mkewe Aino alisimulia baadaye kwamba alishindwa kukaa akitazama, na kwamba baada ya siku hiyo mumewe alitulia, moyo wake ukawa mwepesi. Simfoni ya Nane, kwa yote tunayojua, iliishia humo. Mimi naona ni yule yule wa konsheto na wa swani, ila safari hii hakuridhika hata kidogo.

Mwaka 2011 okestra ya mji wa Helsinki, ikiongozwa na John Storgårds, ilipiga vipande vilivyosalia kwenye rasimu zake, vinavyoaminika kuwa vya simfoni hiyo. Vyote pamoja havifiki dakika tatu. Sauti zinagongana kwa ukali, zinafungua mlango ambao hakuwahi kuupita kabla, halafu zinakatika.