Ukienda Mahale, Una Saa Moja Tu

Mgeni akishuka kwenye boti, hata begi hajalitua, swali lake la kwanza ni lile lile: "Tutawaona kweli?" Huwa namjibu kwamba mara nyingi ndiyo, hasa kiangazi kikikolea na sokwe wakateremka miteremko ya chini karibu na ziwa, ila sokwe hawana miadi na mtu. Swali ambalo natamani waniulize ni jingine: nikishawaona, nitazame nini? Ukifika mbele yao saa inaanza kuhesabiwa, na ni dakika 60 tu. Nimeongoza watu waliosafiri siku tatu wakaimaliza saa yote wakigombana na kamera, halafu jioni wakaniuliza yule dume aliyepita pale alikuwa anafanya nini.

Kwa hiyo naandika hapa yale nisiyopata nafasi ya kuyasema msituni. Kule tunanong'ona, tena ndani ya barakoa.

Kwanza njia, maana inawatisha wengi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale iko ufukwe wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kama kilomita 120 kusini mwa mji wa Kigoma. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1985, ina zaidi ya kilomita za mraba 1,600, na hutazunguka na gari kama Serengeti. Kutembea ni kwa miguu. Kufika ni kwa ndege ndogo inayotua upande wa kaskazini, na hapo bado boti inakusubiri, au kwa boti tangu Kigoma. Boti ya kasi hutumia saa kadhaa. Zile za mbao wanazopanda wenyeji, zimejaa magunia, magodoro na kreti za soda, zinagusa kijiji kimoja baada ya kingine na wala hazina haraka. Nauli yake ni nafuu, ila beba chakula na koti zito. Upepo wa kusini ukiamka, ziwa hili linainuka mawimbi kama bahari, na nahodha akisema tulale hapa, laleni. Usiku wa giza mtapita katikati ya taa za wavuvi wa dagaa, mstari mrefu utadhani kuna mji majini. Ukisafiri mwezi mpevu hutaziona, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa.

Na kwa Mtanzania mwenzangu anayedhani Mahale ni ya Wazungu: kiingilio chako unalipa kwa shilingi, na ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni wa nje. Kinachouma ni usafiri. Kusanyaneni, kodini boti pamoja. Watoto walio chini ya miaka 12 waacheni nyumbani, hawaruhusiwi kupanda kwa sokwe.

Sokwe utakaowaona ni wa kundi moja, linaloitwa kundi la M. Milimani kuna makundi mengine mengi ambayo yakisikia hatua ya mtu yanatoweka, na ndivyo sokwe wa porini alivyo. Hawa wa M wanatuvumilia kwa sababu ya kazi iliyoanza mwaka 1965, pale Toshisada Nishida, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, alipopiga kambi Kasoge, hapa hapa Mahale, akapanda miwa ili kuwavuta. Utaratibu wa kuwapa miwa na ndizi ulikomeshwa mwaka 1987, na tangu hapo hawapewi kitu. Kuzoea watu si kufugwa. Ukitoa hata biskuti mfukoni nitakuona, na wao watakuona kabla yangu.

Asubuhi wafuatiliaji hutangulia. Sokwe hulala juu ya miti, kila mmoja kwenye kiota alichokikunja jioni ile ile, isipokuwa mtoto anayenyonya, ambaye hulala na mama yake. Ukijua walipolala jana, una pa kuanzia. Baada ya hapo ni masikio. Mwito wao wa mbali unaanza chini kwa chini, unapanda, unaishia kwenye ukelele, na katika bonde tulivu unausikia toka mbali sana. Wakinyamaza, tunasoma chini: alama za konzi kwenye udongo laini, mkojo ambao harufu yake haijakatika, na makapi. Haya makapi ni muhimu. Sokwe akila tunda lenye nyuzi hulikamua kwa mdomo wake wa chini, akanyonya maji yote, kisha akatema bonge lililobaki. Kwa mabungo, yale yale mnayoyajua wa pwani kwa juisi, utakuta maganda ya rangi ya chungwa yametapakaa chini ya mtambaazi na makapi yakiwa kandoni. Mzee mmoja wa Kitongwe, kabila la wenyeji wa milima hii, aliyenifunza kazi alikuwa anainama, analigusa kapi kwa kijiti.

"Mwanangu, limekauka?"

"Bado lina maji, mzee."

"Basi acha kupiga kelele na hayo mabuti yako."

Vaa suruali ndefu na mikono mirefu. Kiangazi kuna upupu, na asiyeujua upupu ataujua siku hiyo.

Sasa tuingie ndani ya ile saa. Wageni hawazidi sita, wana kiongozi wao, na umbali ni mita 10. Barakoa inavaliwa kabla hatujafika. Dakika tano za mwanzo nawaomba watu waache kamera ishuke kifuani na wasikilize jambo moja: nani anamsalimia nani.

Sokwe wana shikamoo. Sitanii. Mdogo akimkaribia mkubwa hujishusha, anainamisha kichwa na kutoa mguno wa pumzi fupi fupi, uh-uh-uh-uh, wakati mwingine akinyoosha mkono. Mguno huo hutoka kwa wa chini kwenda kwa wa juu. Mkubwa hamgunii mdogo hivyo. Tena mkubwa hana marahaba. Mara nyingi hukaa tu, kama hakusikia, anaangalia kando. Watafiti wanaotaka kujua ngazi ya kila dume hawahesabu mapigano, ambayo ni machache. Wanahesabu salamu. Ukikaa dakika kumi ukafuata miguno hiyo, kundi lililokuwa kwako rundo la manyoya meusi linageuka kuwa watu wenye vyeo.

Siku moja tulikuta madume watatu wamekaa kwenye njia wakichambuana manyoya. Akatokea wa nne, kijana mwenye mabega mapana, manyoya yamesimama. Wawili walinyanyuka upesi wakamgunia. Wa tatu, aliyekuwa mzee wao, aliendelea kutafuta kitu kwenye goti lake mwenyewe. Kijana alisimama. Aliondoka, akarudi, akaburuta tawi mbele yake, akasukuma jiwe likaporomoka hadi kijitoni. Mzee akabaki na goti lake. Mwishowe kijana alikaa mbele yake na kumgeuzia mgongo achambuliwe, na mzee akamchambua. Hakuna aliyeguswa kwa ubaya, ila mimi mapigo ya moyo yalikuwa yananipanda. Mmoja wa wageni alikuwa anapiga picha kipepeo.

Dume akija namna hiyo akiwa amevimba manyoya, usikimbie. Sogea nje ya njia, shika mti, nyamaza. Anawaonyesha wenzake ubabe, wewe uko tu pale kama kisiki.

Cha pili cha kutazama ni mikono. Mahale, sokwe wawili wanaochambuana huketi wakitazamana, kila mmoja anainua mkono mmoja juu, wanashikana mikono juu ya vichwa, na kwa mkono uliobaki kila mmoja anamchambua mwenzake kwapani. Desturi hii iliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka hapa Mahale, miaka ya 1970. Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma kwenye ufukwe ule ule, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960, hawana mazoea hayo. Sokwe wa Gombe nao huchokonoa mchwa kwenye vichuguu kwa vijiti; wa kundi la M hupanda mtini kuchokonoa sisimizi wakubwa wanaoishi ndani ya shina. Ziwa moja, mkoa mmoja, lakini kila kundi na mila yake.

Tena ukisikia jani linachanwa-chanwa kwa meno bila kuliwa, geuza kichwa taratibu utafute dume kijana. Anamtongoza jike, na hataki wakubwa wajue.

Kuna jambo sijachoka kulisimulia. Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa porini na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe, mtumishi wa hifadhi na mjuzi wa mitishamba. Walikuwa wanamfuata jike mmoja aitwaye Chausiku, aliyeonekana mgonjwa: amelala mchana, hana hamu ya kula. Chausiku akakiendea kichaka cha mjonso, akavunja tawi changa, akalimenya ganda na kuanza kutafuna kiini na kunyonya maji yake machungu. Sokwe mzima kwa kawaida hali kitu kile. Kalunde alimwambia mwenzake kwamba hiyo ni dawa, na kwamba Watongwe wenyewe hunywa mjonso kwa minyoo na kwa homa. Kesho yake Chausiku alikuwa anakula tena. Waliandika habari hiyo pamoja, na leo taaluma nzima ya jinsi wanyama wanavyojitibu inalitaja tukio hilo.

Wana dawa nyingine pia, isiyo chungu. Wanachuma majani yenye mgongo mkavu kama msasa, jani moja moja, wanalikunja kwa ulimi na kulimeza bila kutafuna, mara nyingi asubuhi tumbo likiwa tupu. Majani hutoka yakiwa mazima kwenye kinyesi, na minyoo ya utumbo imetoka nayo. Haya utayaona zaidi masika. Ukiniona nimechuchumaa napekua kinyesi kwa kijiti, usifikiri nimepotewa na akili. Njoo nikuonyeshe jani.

Ila hakuna mjonso wa mafua yetu. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliingia kundi la M, sokwe kadhaa wakafa, na uchunguzi ulikuta virusi vyenye undugu na vile vinavyoambukiza binadamu. Kinachokufanya wewe upenge kamasi siku tatu kinaweza kumuua ndugu huyu mwenye mapafu kama yako asiye na kinga kama yako. Jike huzaa mara moja kwa miaka mitano au sita hivi. Mtoto mmoja akifa, piga hesabu mwenyewe pengo lake litazibwa lini. Ndiyo maana barakoa Mahale zilivaliwa miaka mingi kabla ya Korona, na ndiyo maana asubuhi nakukagua macho na pua bila aibu.

Bwana mmoja alinificha. Alikunywa dawa ya kikohozi alfajiri, tukapanda nusu saa, pale kwenye mwinuko kikamshika.

"Kaka, ni vumbi tu," akasema.

"Kaka, hilo vumbi nilikusikia nalo hemani tangu saa tano usiku."

Sokwe tulikuwa tumeshawasikia, labda mita 200 mbele. Alirudishwa. Alikasirika, akadai fedha yake, na kampuni iliyomleta ikanipigia simu kunifokea kwamba nimewaharibia mteja. Yule bwana nilimwonea huruma kweli, maana safari ile alikuwa ameiwekea akiba miaka. Ningemrudisha tena leo. Kwa hiyo ukiugua ukiwa Kigoma, ahirisha. Na kama huwezi kuahirisha, ziwa lipo, maji yake yanaonyesha mawe chini na samaki wa rangi wanazunguka, utafurahi.

Mengine ni mafupi. Usiteme mate. Usile ukiwa karibu nao. Haja ikikushika, sema mapema tuondoke mbali na njia, tuchimbe, tufukie. Sokwe akija upande wako, wewe ndiye unayesogea. Mita 10 wao hawazijui. Watoto wao hasa hawazijui, na wao ndio wenye kupenda kuokota vitu.

Hilo la kuokota linanikumbusha siku moja ya Oktoba. Saa yetu ilikuwa imekwisha, tumeshuka mpaka kwenye kijito ambapo huwa nawaruhusu watu wavue barakoa, na mimi huzikusanya kwenye mfuko huku nahesabu. Tulipanda watu wanane, wageni sita, mwenzangu na mimi. Nikahesabu nane, zimetimia. Lakini mama mmoja akajipapasa mifukoni, akafungua begi, akaanza kuomba radhi: alikuwa amebeba ya akiba, aliibadilisha kule juu ile ya kwanza ilipolowa jasho, akadhani ameitia mfukoni. Niliwaacha na mwenzangu, nikavaa yangu tena, nikapanda.

Kundi lilikuwa limeshahama, nilisikia miito yao ng'ambo ya bonde. Pale tulipokuwa tumekaa palikuwa na maganda ya mabungo kila mahali, mengine hayakuwepo tulipoondoka. Barakoa ilikuwa chini ya mtambaazi, kamba moja imenasa kwenye mzizi. Pembeni yake, hata shubiri moja haifiki, palikuwa na kapi. Niliinama nikaligusa kwa kijiti. Lilikuwa bado linachuruzika.